Airisi za Fundi Mwashi

12 Agosti

Mpwa wangu Timazi,

Hujambo mwanangu? Huku tunapumua. Goti langu la kulia linabishana na ngazi kila siku, na sikio la kushoto sasa limestaafu kabisa, la kulia linasikia aliye karibu tu, kwa hiyo usihangaike tena na simu. Juzi ulipopiga nilisikia mngurumo tu kama mashine ya kuchanganyia zege. Nikajibu "ndiyo, ndiyo," na mpaka leo sijui nilikubali nini. Niandikie. Macho bado ni yangu.

Jirani yangu fundi saa anakusalimu. Kuku wake naye hajambo, anashinda uani kwangu kama analipa kodi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nyumba aliyopanga marehemu mama yako nimeirudisha kwa mwenyewe Jumamosi. Vyombo viko kwangu, na cherehani nimeiweka chini ya dirisha la chumba cha pili, nimeifunika. Ulipoondoka baada ya mazishi mwezi uliopita ulisema vingine vyote nigawe, ila airisi za mama, yale maua yake, zisife. Sijasahau. Basi mwenye nyumba akaniambia ua mzima anaumwagia zege apate pa kuegesha magari. Nikasema dada yangu ametoka jana tu, leo maua yake yafunikwe zege, tena zege la mchanga mtupu! Nikachukua sururu yangu.

Sikujua kwamba chini yake ni mizizi minene kama tangawizi. Nimejaza ndoo mbili. Nimezipanda nyuma ya nyumba yangu, kando ya ukuta. Mimi sijawahi kupanda hata kitunguu, lakini kazi ni kazi. Nimechimba mtaro wa kina cha kiwiko, nikatandaza kokoto, nikazilaza, nikafukia, nikashindilia kwa gogo lile lile la kushindilia misingi. Haziendi popote. Asubuhi na jioni nazimwagia maji na kuzifunika kwa magunia yaliyolowa, kama tunavyolea zege changa lisipasuke.

Niambie zikichanua zinakuwaje, maana miaka yote nilikuwa napita tu kwenda jikoni kwa mama yako. Na uniambie lini unakuja.

Mjomba wako


2 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, ila vidole vimejaa matundu. Tumepata kazi ya mapazia ya hoteli nzima, na mwenye karakana, ambaye sisi washonaji tunamwita Sindano akiwa mbali, anatembea nyuma ya viti vyetu akikohoa. Msalimie fundi saa.

Kwenye simu nilikuuliza kama unakula vizuri na kama unavaa sweta. Umekubali yote mawili, kwa hiyo tekeleza.

Asante kwa kuziokoa. Nilisoma barua yako nimekaa kwenye ngazi za karakana, nikacheka pale pa mchanga mtupu, halafu nikashindwa kuendelea. Zikichanua, Mjomba, ni zambarau ya wino. Majani matatu ya ua yanasimama, matatu yananing'inia, na kwenye haya yanayoning'inia kuna kistari cha njano chenye manyoya kama kiwavi. Mama alipewa kipande kimoja na mwanamke waliyelazwa naye wodi moja siku niliyozaliwa. Alikuwa akiniambia, "Wewe na hizi ni umri mmoja, ila zenyewe hazinijibu jeuri."

Kuhusu kuja, nimejiwekea hivi: nitakuja zikichanua. Kabla ya hapo usinisubiri.

Una uhakika na yale magunia?

Timazi


30 Septemba

Timazi mwanangu,

Salamu zako zimefika na sweta nimevaa. Nakula. Hayo mengine ni mabaya, acha niyaseme haraka.

Nimeziozesha. Fundi saa alikuja kuniuliza kama kuna panya amekufa nyuma ya nyumba yangu. Nikafunua magunia, nikachimba, mkono ukazama kwenye uji. Zaidi ya nusu, mwanangu. Zege unalinywesha maji linakuwa gumu. Hizi zimekunywa zikawa uji. Nani angeniambia? Nilikaa juu ya ndoo nikalia kama mtoto, na fundi saa akajifanya anamtafuta kuku wake nyuma ya pipa mpaka nilipomaliza.

Zilizokuwa ngumu nimezikata kwa kisu sehemu mbovu, nikazianika dirishani karibu na cherehani ya mama yako, kisha nikazirudisha ardhini. Magunia nimeyatupa. Maji nitatoa kwa kikombe, si kwa ndoo.

Uliniachia kitu kimoja. Nisamehe.

Mjomba


9 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Nimechelewa kujibu na najua umekuwa ukienda posta. Sikukasirika. Nililia kidogo chooni kazini, Sindano akagonga mlango akauliza kama nimelala humo. Wiki iliyofuata wakaniletea jora la kitambaa cha zambarau, zambarau ile ile. Mimi ambaye hunipati kwenye mkasi, nikakata fupi pazia zima. Sindano hakufoka. Alilitazama, akanitazama, akasema nilipeleke hilo pazia nyumbani na nisilete hadithi.

Umeuliza nani angekuambia. Mama angekuambia. Mimi ningekuambia kama ningekuwa makini wakati ule, lakini nilikuwa nakimbilia kucheza.

Zilizobaki zinatosha, Mjomba. Sisi wenyewe tumebaki wangapi? Mimi na wewe, na tunatosha.

Usiende posta kwenye mvua.

Timazi


28 Novemba

Mpwa wangu mpenzi,

Nimesoma hilo la kutosha mara nyingi, nikaenda kumsomea na fundi saa, akavua miwani akasema inahitaji kufutwa. Goti ni lile lile. Mvua bado zinanyesha.

Sikiliza kisa cha kuku. Mjinga yule amefukua airisi moja, ile ya pembeni karibu na bomba. Kaiparua mpaka mgongo wote wa ule mzizi uko nje kama mtu aliyevuliwa blanketi. Nilimkimbiza na mwiko wa lipu mkononi, goti likakataa, nikaanguka kwenye ndoo. Tangu siku hiyo kuinama siwezi, nikaiacha hivyo hivyo. Nikajua basi, hiyo tumeizika.

Jana natazama, ile ya kuku ina majani mapya, yamejipanga kama kipepeo cha kupepelea moto, kijani kitupu. Na zile nilizozifukia vizuri kwa sheria zote za ujenzi zimekaa tu, njano njano, zinanitazama. Sielewi. Nimeanza kumheshimu kuku, lakini sijamwambia.

Chumba cha pili nimekipaka chokaa. Karakana si hufunga mwisho wa mwaka? Kitanda kipo. Usije kwa ajili ya maua. Njoo tu.

Mjomba


20 Desemba

Shikamoo Mjomba,

Pole kwa kuanguka. Lipake goti mafuta ya moto na umwachie kuku uwanja.

Kisa chako kimenifukua na mimi. Nilikuwa nimeshika chakula mkononi wakati wa mapumziko, nikakiweka chini. Mama alikuwa na kijiko, Mjomba. Kijiko kikubwa cha shaba kilichopinda shingo, ambacho mtu yeyote hakuruhusiwa kukilia chakula. Kila mvua kubwa zikiisha alichuchumaa na kile kijiko akawa anazifukua airisi moja moja, polepole, kama anamsafisha mtu uso. Nilidhani anaziharibu. Nilimuuliza, akasema, "Hizi huzifuniki. Zinataka kuota jua mgongoni. Miguu udongoni, mgongo juani."

Kuku alijua. Sisi wawili ndio hatukujua.

Umezijengea msingi, Mjomba. Zitoe udongo mgongoni zote. Kijiko sijui kilikwenda wapi.

Mwisho wa mwaka sitaweza. Kazi ni nyingi.

Timazi


15 Januari

Timazi,

Mwaka umeingia salama. Tulikula na fundi saa, sahani tatu mezani kwa sababu moja niliiweka kabla barua yako haijafika, na kuiondoa sikutaka.

Kijiko kimepatikana! Kimepatikana kikombeni mwangu. Kile kijiko cha mama yako nimekuwa nikikorogea nacho chai tangu Agosti. Nilikiona kwenye kapu la vyombo, nikapenda uzito wake, nikasema dada yangu alikuwa na kijiko cha kiume. Shingo iliyopinda nilidhani ni ya kuning'inizia kikombeni. Nimekaa juu ya gunia kavu siku nzima nikifukua airisi moja moja, na kuku akanisimamia kama mhandisi. Zote sasa ziko mgongo wazi. Mzizi mmoja una alama ya kidole gumba, nadhani ni changu, nilipokuwa nikizirudisha ardhini.

Mwanangu, karakana yenu hufunga mwisho wa mwaka. Nilikuwa nakuona kila mwaka ukija wakati huo na begi la bluu.

Fundi saa ameniambia, "Mwandikie kwamba zimechanua. Atakuja mbio, akifika mtamalizana." Nimemkatalia. Sijawahi kupaka lipu juu ya ufa ili mwenye nyumba afurahi, sitaanza na wewe. Hazijachanua. Huenda zisichanue kamwe, maana nimezitesa. Na kama hazitachanua, ndiyo sitakuona tena? Niambie kama ni ua unalolingoja, au kuna kitu unakiogopa huku.

Mimi mjomba wako, na chai sasa nakorogea uma


26 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua hii nimeianza na kuichana sijui mara ngapi. Mimi mzima. Sindano ameniongezea meza, yaani ameniongezea kazi. Cheka kwanza, halafu endelea.

Ni stendi, Mjomba. Kila nilipokuja nyumbani mama alikuwa amesimama stendi kwenye nguzo ya mwisho, karibu na choo cha kulipia, na mwavuli wake mweusi umefunguliwa hata jua likiwaka. Alikuwa mfupi, alisema bila mwavuli sitamwona. Nilikuwa nauona mwavuli basi likiwa bado linakata kona, na nilikuwa naona aibu mbele ya abiria. Nilimwambia aache. Hakuacha.

Siku ya mazishi nililetwa na gari la wenzangu wa kazini mpaka mlangoni, wakanirudisha. Sikupita stendi. Nafikiria basi linakata kona, natazama nguzo, na hapana kitu. Nikifika hapo ndipo atakuwa amekufa kweli. Bado nina mahali pamoja ambapo hajafa, na ni pale.

Kwa hiyo nilijiambia, airisi zikichanua nitakuwa nakuja kuona kitu chake, si nguzo tupu. Ndiyo hiyo sababu yangu. Ni ya kitoto, na nimekuacha na sahani tatu.

Timazi wako


18 Machi

Mwanangu,

Barua yako imefika na si ya kitoto. Nimekuwa nayo siku kadhaa kabla ya kushika kalamu.

Nitakuambia la kwangu. Mimi pia sipiti stendi. Nikienda kununua misumari nazunguka kwa njia ya soko, goti lote hili, kwa sababu njia fupi inapita pale. Wakati mwingine mama yako alikuwa akinichukua twende kukupokea, tunasimama wote, ananisukuma nje ya kivuli cha mwavuli anasema mimi ni mrefu nitaonekana tu. Tangu Julai sijaikanyaga. Fundi saa anadhani napenda soko.

Huku mambo ni ya kawaida. Kuku amelalia mayai ndani ya karai langu la zege, kwa hiyo kazi zote za zege zimesimama kwa amri yake. Cherehani nimeitia mafuta, inazunguka bila kelele, au labda kelele ipo na mimi ndiye siisikii. Bati lililokuwa linavuja juu ya chumba cha pili nimeliziba. Mwavuli wa mama yako uko nyuma ya mlango wangu, sikuugawa.

Sikulazimishi. Uje lini, usije lini, mimi ni mjomba wako tu.

Mjomba


2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nimesoma barua yako, nikaigeuza nyuma, nikatazama hata ndani ya bahasha. Hukutaja airisi hata kwa neno moja. Wewe unayeniandikia habari za karai. Nimeelewa. Zimekufa, na hukutaka nilisome hilo kwenye karatasi.

Basi na ziwe zimekufa. Nilikaa na barua yako nikakuona unazunguka kwa njia ya soko na goti lako, na misumari mkononi, na mimi huku natafuta visingizio vya maua. Niliona aibu kuliko ile ya mwavuli. Mama amekufa kote, Mjomba, hata stendi. Lakini wewe upo hai, na mimi nakutunza kama nilivyotunza airisi, yaani kwa kumwagiza mtu mwingine.

Nakuja. Sindano nimemwomba ruhusa, akauliza kuna nini, nikasema kuna mjomba. Akanipa. Nitapanda basi la Ijumaa ya tarehe 24, linafika alasiri. Naleta lile pazia la zambarau nililokosea, dirisha la chumba cha pili litalitosha.

Usije stendi. Nitashuka, nitafumba macho kidogo, nitatembea.

Timazi


13 Aprili

Timazi mwanangu,

Hujambo? Mimi leo sijambo kupita kiasi, kwa hiyo salamu nazifupisha.

Hazikufa. Siku niliyokuandikia ile barua ya Machi nilikuwa nimetoka kuiona ile ya kuku, na katikati ya majani yake kulikuwa na kitumba kimechungulia, chembamba kama ncha ya penseli. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Sikuandika. Fundi saa alinishangaa, akasema, "Wewe mzee ulikataa kumdanganya mtoto, sasa unamnyima na ukweli?" Nikamwambia nataka kujua kama angekuja kwangu bila ua lolote. Ni uchoyo wa mtu anayekaa peke yake. Unaruhusiwa kunigombeza ukifika, sema upande wa kulia.

Barua yako niliisoma nimesimama posta. Nikaitia mfuko wa shati, nikarudi nyumbani kwa njia fupi.

Leo asubuhi limefunguka. Ni kama ulivyosema, wino mtupu, na kiwavi wake wa njano. Miaka yote nilipita mlangoni kwa dada yangu nikaona rangi tu, sikuwahi kuinama. Leo nimeinama, goti likapiga kelele hata mimi nikalisikia, na nimekaa pale mpaka chai ikapoa. Fundi saa alitaka tulikate nije nalo kukupokea. Nimekataa. Likae juani. Hili litakuwa limenyauka kabla ya tarehe 24, lakini bua lake lina vitumba vingine chini, na jirani zake wawili nao wameanza kuchungulia. Moja utaikuta.

Kijiko nimekisugua, kiko juu ya cherehani. Hicho ni chako, na mvua zikiisha kazi ni yako, mimi na kuku tutasimamia.

Sasa hilo la kusema nisije stendi. Siku ile nilipotoka posta sikuishia kupita njia fupi tu. Nilisimama kwenye ile nguzo ya mwisho. Mpiga debe mmoja akaniuliza nasafiri kwenda wapi, nikamwambia mimi sisafiri, mimi napokea. Nikasimama mpaka basi moja likakata kona.

Ijumaa nitakuwa pale. Mimi ni mrefu, nitaonekana tu, lakini mwavuli nitaufungua, hata jua likiwaka. Usifumbe macho. Na ukiniita nisipogeuka, ujue ni sikio, nishike bega.

Mjomba wako